Mkimbiaji Asinyimwe Ugali



Siku hizi kumezuka mtindo wa kuuchukia wanga. Mtu akikutwa na sahani ya ugali anatazamwa kama aliyekutwa na pombe asubuhi. Kwa anayeshinda ameketi dukani, tena mwenye kisukari, kupunguza wanga kwa ushauri wa daktari kunaweza kumfaa. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu unaanza pale ushauri wake unapopelekwa kwa kijana wa Kisesa anayekimbia alfajiri katika Barabara ya Musoma, akitafuta riziki kwa miguu yake.

Tuelezane. Wanga tuulao hugeuka sukari, na sehemu yake huwekwa akiba katika misuli na ini, jumla kama gramu 500 hivi. Hiyo ndiyo akiba ya mwendo wa kasi. Mafuta mwilini ni mengi zaidi, hata kwa mtu mwembamba, lakini kuyachoma kunadai oksijeni nyingi zaidi ili kupata nguvu ile ile. Kwa anayetembea kwenda sokoni si neno. Kwa anayefukuzana na wenzake huku akihema, ni hasara.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2017 wataalamu wa Australia walitoa matokeo ya wanamichezo wa kutembea kwa kasi waliokula mafuta mengi na wanga kidogo mno kwa wiki tatu. Miili yao ilizoea kuchoma mafuta, lakini muda wao wa kilomita 10 haukuwa bora. Wenzao waliokula wanga waliboresha wao.

Tena wakimbiaji hodari wa Kenya, katika utafiti uliotolewa mwaka 2004, walikuwa wakipata zaidi ya robo tatu ya nguvu zao kutokana na wanga, ugali ukiwamo.

Mwaka 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu wetu alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde. Mbio zikiamuliwa hivyo, nani aende na ghala nusu?

Na ghala letu halidai fedha za kigeni: ugali, viazi vitamu, michembe na muhogo, pamoja na dagaa na maharage ya kujenga misuli.

Walimu wa michezo na wazazi, kabla ya kumwondolea kijana sahani, ulizeni kwanza miguu yake ina kazi gani.