Wajibu wa Dalali wa Vibanja Katika Kuzuia Fedha Haramu

Mwanachama anayetaka kuuza kibanja au nyumba mara nyingi humtafuta dalali amletee mnunuzi. Yafaa makatibu na wanachama wa Nshamba waelewe kwamba kazi ya dalali huyo haiishii katika kupokea ujira wake. Sheria ya Kuzuia Utakatishaji wa Fedha Haramu, Na. 12 ya mwaka 2006, imemweka katika kundi moja na mabenki, mawakili na wahasibu, ambao wote wanawajibika kutoa taarifa kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu.

Kutakatisha fedha ni kuficha asili ya mali iliyopatikana kwa uhalifu, kama vile rushwa, dawa za kulevya, ujangili au kahawa iliyovushwa mpaka kwa magendo, ili mali hiyo ionekane kuwa ya halali. Ardhi hufaa sana kwa hila hiyo. Mwenye fedha haramu hununua kibanja kwa fedha taslimu na kukiandikisha kwa jina la ndugu. Baada ya miezi michache hukiuza na kuzipeleka fedha benki. Akiulizwa zimetoka wapi, huonyesha hati ya mauzo na kujibu kuwa ameuza shamba.

Hasara ya jambo hili humfikia asiye na hatia. Mahakama yaweza kuamuru mali ya namna hiyo izuiwe au itaifishwe. Aliyekinunua kibanja hicho baadaye hujikuta katika kesi, na chama kilichokipokea kuwa dhamana ya mkopo hubaki na karatasi tupu. Isitoshe, mtu asiyejali bei hupandisha thamani ya ardhi, na kijana anayetegemea kahawa na ndizi hushindwa kununua.

Kwa hiyo dalali anatakiwa kutimiza haya:

1. Kumtambua muuzaji na mnunuzi kwa vitambulisho, na kumjua mwenye fedha hasa, si yule tu aliyetumwa kuweka sahihi.

2. Kuuliza chanzo cha fedha, na kuandika bei halisi iliyolipwa.

3. Kutunza kumbukumbu za mauzo.

4. Anapokuwa na shaka, kutoa taarifa kwa Kitengo katika muda wa saa 24, bila kumdokezea mhusika. Kumdokezea ni kosa.

Dalili za kutiliwa shaka ni kama mnunuzi kukataa kupita benki, kulipa zaidi ya bei ya kawaida bila sababu, au kuomba hati iandikwe bei nyingine. Lakini si kila mwenye fedha taslimu ni mhalifu. Mzaliwa wa Muleba aliyefanya kazi Mwanza au Dar es Salaam, akarudi kujenga kwao, hana la kuficha, na kuulizwa hakumvunjii heshima.

Tanzania iliwekwa katika orodha ya kimataifa ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kuzuia fedha haramu mwezi Oktoba 2022, ikaondolewa Juni 2025. Mafanikio hayo hayatadumu ikiwa vijijini mauzo yatafanywa kwa siri.

Makatibu wanashauriwa kuwaeleza wanachama mkutanoni kwamba kibanja kilicho katika ardhi ya kijiji kisiuzwe bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na malipo yapitie benki. Kabla ya kupokea kibanja kuwa dhamana, chama kiulize kilinunuliwa lini, kwa nani na kwa fedha gani.