Vitabu vya Sinema: Vinatufundisha Nini Sisi wa Kivu?

Waseminari wengi wanapenda sinema, lakini ni wachache waliosoma hata kitabu kimoja juu yake. Wanajua majina ya wachezaji, wanajua nani alipigwa na nani alishinda. Lakini ukiwauliza picha zile zilitengenezwa namna gani, wananyamaza. Wahenga walisema: macho hayana pazia. Yote yanayopita mbele yake yanaingia, na yakiisha kuingia yanashuka moyoni. Basi inafaa kumjua mtu anayepitisha vitu mbele ya macho yetu, na kazi ya mikono yake.

Zamani sinema ilikuwa kitambaa cheupe kilichotandikwa katika uwanja wa misioni, na mashini iliyovuma gizani. Leo, Ibanda, Kadutu na Bagira, hata katekista wa kilimani ana simu yenye kupiga filamu. Hatuko tena watazamaji tu. Tumekuwa watengenezaji bila kufundishwa. Kwa hiyo tunataka kueleza vitabu vichache juu ya ufundi huu: vinasema nini, vilikosa wapi, na vinatufaa namna gani.

I. Kitabu cha Vugiri

Kitabu cha kwanza cha nchi zetu za Mashariki kilichapwa London mwaka 1937. Waandishi wake ni Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, nacho kinaitwa The African and the Cinema. Kinaeleza kazi iliyofanywa tangu 1935 mpaka 1937 katika Tanganyika, mahali paitwapo Vugiri, katika milima ya Usambara. Baraza la kimataifa la misioni za Kiprotestanti ndilo lililoianzisha, na fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani.

Walitengeneza filamu 35. Waliochezea ni Waafrika wenyewe. Mambo yake yalikuwa malaria ya watoto, minyoo ya safura, akiba ya posta, kodi, na hata hadithi ya sungura na chui. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Iliwekwa katika sahani za gramafoni, kusudi filamu moja iweze kusemwa kwa lugha mbalimbali. Halafu kamio moja ilitembea na mashini katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Ni kitabu chenye faida. Kinaonyesha kazi kwa uaminifu: taabu za mashini, taabu za jua, maneno ya watazamaji. Watu hao walifahamu jambo kubwa, ni kusema kwamba mtu anasikia vema zaidi anapoambiwa kwa lugha yake na anapoona nyumba zinazofanana na yake. Lakini chini ya kazi yote kuna swali ambalo waliotoka Bulaya walilichukua kama limekwisha kujibiwa: Mwafrika anaweza kufahamu nini?

II. Habari ya kuku

Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza ilianzisha idara ya filamu kwa makoloni yake, chini ya William Sellers, aliyekuwa mtu wa afya kule Nigeria. Sellers alifundisha sheria: filamu kwa Mwafrika iende polepole, isikate picha upesi, isitumie ujanja wa kamera, iondoe kila kitu kisicho cha lazima. Aliona kwamba watazamaji hawa hawawezi kufuata filamu kama wanavyofuata watu wa Bulaya.

Kuna habari moja iliyotumiwa mara nyingi kama ushuhuda wa mawazo hayo. Mwaka 1962 Marshall McLuhan, Mkatoliki wa Kanada, aliiandika katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy, akiipokea kwa Mwingereza aitwaye John Wilson. Watu wa kijiji kimoja cha Afrika walionyeshwa filamu juu ya kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Filamu ilipokwisha wakaulizwa: «Mmeona nini?» Wakajibu: «Tumeona kuku.» Wenye filamu wakashangaa sana, maana hawakujua kama kuna kuku. Wakaitazama tena picha moja moja, na kweli, katika pembe moja kuku alipita kwa muda kama wa sekunde moja.

Wengi walicheka wakasema: tazama, hawajui kusoma picha. Sisi tunauliza: ni nani hapa asiyejua kusoma picha? Mwanakijiji aliona kitu kilichokuwapo kweli. Mtu mwenye kamera, aliyekata na kuunga filamu yake kwa mikono yake mwenyewe, ndiye asiyekiona. Tena kuku ni mali ya mtu; akikimbia, kuna sababu. Macho ya mkulima yanakwenda penye uhai na mwendo. Kosa si la watazamaji. Kosa ni la mwenye kuuliza, aliyetaka jibu moja tu.

Wahubiri, tuishike habari hii. Mara ngapi tunawauliza wakatekumeni: «Mmesikia nini?» wakajibu jambo dogo la mfano tuliotoa, nasi tunakasirika? Labda wamemwona kuku wetu.

III. Sinema ya misioni katika Kongo

Juu ya nchi yetu viko vitabu viwili vikubwa. Cha kwanza ni cha Francis Ramirez na Christian Rolot, kilichotolewa Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1985, juu ya sinema ya wakati wa ukoloni katika Zaïre, Rwanda na Burundi. Cha pili ni cha Guido Convents, Images et démocratie, cha mwaka 2006. Vyote viwili vinaonyesha kwamba katika Kongo ya Wabelgiji mapadri walifanya kazi kubwa sana ya filamu.

Kule Léopoldville Padri Alexandre Van den Heuvel, wa shirika la Scheut, alitengeneza filamu za michoro juu ya Mboloko, swala mdogo mwenye akili wa hadithi za wazee. Kule Kasai Padri Albert Van Haelst aliwachezesha Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, nao walichekesha watu wengi katika miaka ya 1950. Hapa kwetu Bukavu Mapadri Weupe walikuwa na kazi yao iliyoitwa Africa Films, pamoja na Padri De Vloo.

Tuseme nini juu ya kazi hiyo? Tusiitukane bure, wala tusiisifu bure. Mapadri hao walijua lugha za watu, walikaa nao, walijua mambo yanayowachekesha. Lakini wengi wao vilevile waliamini kwamba mtazamaji Mkongo ni mtoto, na kwamba mtoto hupewa picha nyepesi tu, akilindwa na picha nyingine. Serikali nayo iliweka tume ya kuchagua filamu ambazo Mkongo ana ruhusa ya kuziona. Anayetengeneza filamu kwa ajili ya mtu asiyemheshimu, hata akimpenda, anatengeneza kitu pungufu. Upendo usio na heshima haumkuzi mtu.

IV. Ufundi wenyewe: kukata na kuunga

Sasa tuingie katika kazi ya mikono. Filamu haipigwi yote kwa mara moja. Inapigwa vipande vipande, halafu vinakatwa na kuungwa. Kuunga huko ndiko moyo wa ufundi.

Mrusi Pudovkin ameeleza katika kitabu chake jaribio alilolifanya pamoja na mwalimu wake Kuleshov. Walichukua uso wa mchezaji Mozhukhin, uso mtulivu usioonyesha neno. Waliuunga mara ya kwanza na sahani ya supu. Mara ya pili na mwanamke maiti katika sanduku. Mara ya tatu na mtoto msichana mwenye kucheza. Watazamaji walisifu mchezaji: alivyoitamani supu! alivyomlilia maiti! alivyomfurahia mtoto! Kumbe uso ulikuwa uleule, haukubadilika hata kidogo. Watazamaji wenyewe ndio walioweka huzuni na furaha ndani yake.

Mfaransa André Bazin, aliyekufa mwaka 1958, alijibu upande mwingine. Maandiko yake yalikusanywa katika vitabu vinne, Qu'est-ce que le cinéma?, vilivyotolewa na nyumba ya Cerf ya Wadominikani tangu 1958 mpaka 1962. Bazin anasema: kuna mambo ambayo kuyakata ni kuyaua. Anatoa mfano wa filamu moja ya 1951 iliyopigwa Kenya. Mtoto ameokota mwana wa simba, anarudi kwa wazazi wake. Simba jike anamfuata. Kwanza tunaonyeshwa mtoto peke yake, halafu simba peke yake, na moyo wetu hauamini sana, kwa kuwa tunajua hila za kukata. Halafu ghafula picha moja inawaonyesha wote pamoja, wazazi, mtoto na simba. Hapo tunashika pumzi. Ukweli wa jambo hilo ni kwamba wote walikuwa mahali pamoja. Basi picha haina ruhusa ya kuwatenga.

Waseminari wa filosofia wataona kwamba hili si jambo la mashini tu. Kuleshov anatuonyesha nguvu ya kuunga. Bazin anatuonyesha mpaka wake.

V. Padri mwenye kusoma sinema

Yuko padri mmoja ambaye kila mwalimu wa seminari angefaa kumjua: Amédée Ayfre, Msulpisi wa Ufaransa, aliyekufa mwaka 1964. Aliandika Dieu au cinéma mwaka 1953. Anafundisha kwamba filamu haiwi ya kikristu kwa kuwa ndani yake kuna sanamu, kengele na kanzu. Filamu yenye padri katika kila picha yaweza kuwa tupu. Na filamu isiyotaja jina la Mungu yaweza kufungua njia ya siri yake. Filamu ya Robert Bresson, Journal d'un curé de campagne, ya mwaka 1951, ni mfano mzuri. Padri kijana mgonjwa, parokia ngumu, mkate na divai kidogo, kalamu na daftari. Hakuna muujiza wa kuonwa kwa macho. Lakini atakayeitazama kwa uvumilivu atafahamu neema ni nini.

Kanisa nalo halikunyamaza. Pius XI aliandika barua Vigilanti cura mwaka 1936. Pius XII aliandika Miranda prorsus mwaka 1957. Na Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika Inter mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, uliomba mapadri, watawa na walei wafundishwe ufundi wa vyombo hivi. Wafundishwe, si kuonywa tu.

VI. Mwana wa Bukavu

Jibu kwa Sellers halikutoka Bulaya. Mwaka 1950 alizaliwa hapa Bukavu Mwezé Ngangura. Alisoma sinema Ubelgiji, akafundisha Kinshasa, na mwaka 1987, pamoja na Benoît Lamy, alitoa La Vie est belle, ambamo Papa Wemba anacheza mwanamuziki kutoka kijijini anayeingia Kinshasa. Filamu yake Pièces d'identités, juu ya mfalme mzee anayekwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake, ilipata zawadi kubwa ya FESPACO, Ouagadougou, mwaka 1999. Na mwaka 1994 alitoa Le Roi, la vache et le bananier, habari ya kurudi kwake Ngweshe, kwetu Bushi.

Ngangura ameandika pia. Anauliza kama sinema ya Afrika iwe ya kupigania mambo au ya kufurahisha watu, naye anatetea furaha. Mtazamaji amelipa kiingilio chake; hakuja kuhubiriwa. Mpe hadithi nzuri, ucheke naye, naye atapokea fundisho bila kulazimishwa. Tazama tofauti: wa kwanza walisema, «Mwafrika hawezi kufahamu.» Mwana wa Bukavu anasema, «Anafahamu, tena anachoka na watu wenye kumfundisha tu.»

VII. Basi, tufanye nini?

Katika Kivu yetu jambo hili si mchezo. Tangu 1996 vita vimepita katika vijiji vyetu, na picha za majeruhi na maiti zinapita katika simu kila siku. Mwaka 2015 Thierry Michel na Colette Braeckman walitoa filamu juu ya Daktari Denis Mukwege na wanawake wanaotunzwa Panzi. Serikali iliikataza mwezi wa Septemba, ikairuhusu mwezi uliofuata. Wakubwa hawakatazi kitu kisicho na nguvu.

Tuseme sasa katekista anapiga filamu ya mama anayelia kaburini. Halafu mtu mwingine anaikata, anaiunga na picha ya watu wa kabila fulani wanaocheka katika arusi. Hakuna neno la uwongo lililosemwa. Uso wa mama ni wa kweli, kicheko ni cha kweli. Lakini kilichoungwa ni uwongo, tena uwongo wenye kuua. Hilo ndilo jaribio la Kuleshov, likifanywa si kwa supu bali kwa damu ya watu.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila seminari iweke katika maktaba yake walau Bazin, Ayfre na Convents, na waseminari watazame filamu moja pamoja, wakiisha waulizane: ilikatwa wapi, kwa nini? Pili, katekista asipige filamu ya uso wa mwenye uchungu kabla ya kumwomba ruhusa, wala asimtumie mtu picha ambayo hajui ilitoka wapi. Tatu, sisi wenye kufundisha tusimdharau mtazamaji wala msikilizaji. Tumwulize ameona nini, na akisema ameona kuku, turudi tukatazame vema.