Manukato na Jua: Mafuta ya Harufu Yanavyopimwa Kabla ya Kupakwa Mwilini

Wapo akina mama wanaokata ndimu za achari uani mchana kutwa, na wapo wavuvi wanaojisugua ndimu pwani ili kuondoa shombo ya samaki, ambao siku ya pili au ya tatu huona ngozi ya mikono imewaka moto, kisha ikatoa malengelenge, na mwisho ikabaki na mabaka meusi yasiyoondoka kwa wiki nyingi, pengine miezi. Lawama hutupiwa sabuni mpya, au chakula, au hata jicho la hasidi. Ukweli ni kwamba maji ya ndimu yakipakwa gizani hayaleti maradhi hayo, wala jua la siku moja haliyaleti kwa namna ile. Madhara hutokea viwili hivyo vinapokutana juu ya ngozi.

Jambo hili linahusu pia manukato. Kwa kuwa vikundi vingi vya wajasiriamali Unguja na Pemba hivi sasa vinatengeneza sabuni, mafuta ya kujipaka na marashi kwa viungo vya hapa hapa, inafaa ieleweke ni kitu gani kinachodhuru na kinatambuliwaje.

Katika maganda ya ndimu, limau, danzi na balungi, na zaidi katika tunda liitwalo bergamoti ambalo hulimwa Calabria, kusini mwa Italia, mna kemikali za jamii ya furanokumarini. Mashuhuri miongoni mwake ni bergapteni. Kemikali hizi hukaa kimya mpaka zipigwe na mionzi ya urujuanimno, hasa ile ya aina ya A, ambayo hupenya hata kioo cha dirisha. Hapo huchukua nguvu ya mionzi hiyo na kuziunguza seli za ngozi, na kujifunga katika chembe za urithi zilizomo ndani yake. Uwekundu na malengelenge huchelewa hadi siku mbili au tatu, na ndiyo maana mtu hasadiki akiambiwa chanzo ni mafuta aliyojipaka juzi.

Ujuzi huu si mgeni. Ibn al-Baitar, mtaalamu wa mitishamba wa Andalusia aliyefariki Damascus mwaka 1248, aliandika juu ya mmea uitwao atrilal ambao mbegu zake alipewa mgonjwa wa mbalanga kisha akaketishwa juani ili rangi ya ngozi irejee. Kemikali iliyokuwa ikifanya kazi ni ya jamii hii hii ya furanokumarini, na ilipofika miaka ya 1940 wataalamu wa Cairo waliitoa katika mmea huo na kuifanya dawa. Kwa upande wa manukato, mwaka 1916 daktari aitwaye Freund alieleza mabaka yaliyotokea kwa watu waliojipaka maji ya Cologne, ambayo hutiwa mafuta ya bergamoti. Mabaka hayo yalishuka shingoni mfano wa kidani, kwa kufuata njia ya matone, na baadaye yakapewa jina linalotokana na neno la Kifaransa la pambo hilo.

Upimaji wa leo unajengwa juu ya kanuni moja nyepesi: kila kitu kipimwe mara mbili, gizani na mwangani. Kwanza hutazamwa iwapo kiungo chenyewe kinafyonza mwanga. Kisichofyonza hakihitaji kuendelezwa. Kinachofyonza hupelekwa katika jaribio ambalo utaratibu wake ulipitishwa na Shirika la OECD mwaka 2004 na kurekebishwa mwaka 2019. Seli zilizooteshwa maabara, ambazo asili yake ni panya, huwekwa katika sahani mbili zenye vishimo 96 kila moja. Siku inayofuata hutiwa kiungo kinachopimwa kwa viwango mbalimbali, kikaachwa kwa muda wa saa moja. Kisha sahani moja hufunikwa, na ya pili humulikwa kwa taa inayofanana na jua hadi ipate juli 5 za urujuanimno A kwa kila sentimita ya mraba, kazi ambayo kwa kawaida huchukua dakika 50. Baada ya hapo seli huoshwa, na kesho yake hutiwa rangi nyekundu. Seli iliyo hai huinywa rangi hiyo, iliyokufa haiwezi.

Mpimaji huangalia ni kiwango gani cha kiungo kilichoua nusu ya seli gizani, na kiwango gani kilichoua nusu mwangani, kisha hugawa cha kwanza kwa cha pili. Jibu likiwa chini ya 2, kiungo huhesabiwa hakina sumu ya mwanga. Likifika 5 au zaidi, kinayo. Baina ya hapo ni shaka, na vipimo vingine hutakiwa. Pembeni huwekwa pia dawa ya klopromazini, ambayo sumu yake ya mwanga inajulikana, ili ikiwa haikuua seli mwangani ifahamike kwamba jaribio lenyewe lina kasoro. Tangu mwaka 2021 upo pia utaratibu wa kutumia tabaka la ngozi ya binadamu lililooteshwa maabara, ambalo linafaa zaidi kwa mafuta yasiyochanganyika na maji.

Jaribio la seli, hata hivyo, halikamati mzio. Kemikali iitwayo methilikumarini-6 na miski iitwayo ambrette ziliwaletea baadhi ya watumiaji ukurutu kila walipotoka juani, nazo zimepigwa marufuku na Shirika la Kimataifa la Manukato, IFRA, lililoanzishwa mwaka 1973.

Kwa mafuta ya matunda, IFRA haikupiga marufuku bali imeweka mipaka. Katika kipodozi kinachobaki mwilini na kuonwa na jua, mafuta ya bergamoti yaliyokamuliwa yasizidi asilimia 0.4, ya ndimu asilimia 0.7, na ya limau asilimia 2. Yaani katika kilo moja ya mafuta ya kujipaka, ya ndimu ni gramu 7 tu. Anayechanganya ndimu na limau asidhani kila moja lina fungu lake kamili: akishatumia nusu ya kiwango cha ndimu, kilichobaki ni nusu ya kiwango cha limau. Sabuni inayooshwa ikatoka haimo katika mipaka hiyo.

Neno "yaliyokamuliwa" ndilo lenye uzito hapa. Furanokumarini ni nzito, hazipandi na mvuke. Mafuta ya ndimu yaliyokenekwa, yaani yaliyopatikana kwa mvuke uliopozwa, hayana tatizo hili, ingawa chupa mbili zinaweza kuuzwa kwa jina moja la ndimu. Mafuta ya karafuu na makonyo ya Kiwanda cha Wawi, Pemba, hupatikana kwa mvuke, na mkarafuu si katika jamii ya ndimu; lakini mafuta hayo ni makali yenyewe kwa yenyewe, na yasipakwe bila ya kuzimuliwa.

Utengenezaji wa vipodozi vya kuuzwa unasimamiwa chini ya Sheria Namba 2 ya mwaka 2006 ya Chakula, Dawa na Vipodozi. Wazalishaji wanashauriwa kumtaka muuzaji wa mafuta karatasi inayoonyesha kama yalikamuliwa au yalikenekwa, na kuihifadhi. Wanaopenda marashi yenye harufu ya matunda hayo wanaweza kuyatia nguoni, kama desturi ya wazee ilivyokuwa, au kujipaka usiku na kuoga kabla ya kutoka. Aliyekwisha kupatwa aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni, akae kivulini, asitumbue malengelenge, na yakiwa mengi afike kituo cha afya kilicho karibu naye akiwa na chupa ya alichojipaka.