Sharti, Mfuatano na Ushirika: Sarufi Mpya ya Programu ya Make na Funzo Lake kwa Mwanaisimu



1.0 Utangulizi

Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona kwamba mhadhara wa taaluma za Kiswahili unahusu programu ya kompyuta. Naomba nianze kwa kisa kinachoeleza sababu.

Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki kutayarisha kamusi ndogo ya istilahi za isimu. Siku ya mwisho tulifuta vidahizo kadhaa na kubadili vingine, tukaiagiza kompyuta iunde upya kurasa zote, kisha tukapeleka kazi kwa mpigachapa. Kompyuta haikulalamika hata kidogo. Kitabu kilipotoka, matini yalikuwa sahihi, lakini faharasa ya mwishoni ilikuwa ya jana yake: ilimwelekeza msomaji kwenye vidahizo ambavyo havikuwamo tena. Hapakuwa na aliyekosea tahajia wala aliyelala kazini. Tulikuwa tumeandika orodha ya kazi bila kutamka kwamba faharasa inategemea matini. Tulidhani kwamba kulitaja moja kabla ya jingine kunatosha.

Kosa hilo ni la kisarufi kabla ya kuwa la kiufundi. Katika mhadhara huu ninakusudia kueleza mambo matatu yaliyoongezwa katika programu ya GNU Make, toleo 4.3 la Januari 2020 na toleo 4.4 la Oktoba 2022. Hoja yangu ni kwamba yote matatu yanamsaidia mwandishi kutamka wazi, au kugundua kwamba hajatamka, yale ambayo awali yaliachwa yakisiwe kutokana na mpangilio wa maneno.

2.0 Chimbuko na Istilahi

Make ya kwanza iliandikwa na Stuart Feldman mwaka 1976 katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwenzake mmoja aliingia ofisini kwake akiwa amekasirika, kwa kuwa alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo tayari ilikuwa sahihi. Kosa lilikwisha kusahihishwa katika matini ya programu, ila faili lililosahihishwa halikuwa limefasiriwa upya kwa lugha ya mashine. Kwa hiyo mtu alikuwa anasoma jipya huku mashine ikitenda la zamani. Mtaona kwamba kisa hicho na cha faharasa yetu ni ndugu. Kwa kazi hiyo Feldman alitunukiwa tuzo ya mifumo ya programu ya chama cha ACM ya mwaka 2003. GNU Make, ambayo ndiyo ninayoizungumzia, ilianzishwa na Richard Stallman na Roland McGrath.

Sentensi ya msingi katika lugha ya Make ina sehemu tatu. Ya kwanza ni faili linalotakiwa kuundwa. Nitaliita zao, si lengo, kwa sababu lengo ni nia iliyo moyoni, na hapa tunazungumzia kitu kinachotokana na vingine. Ya pili ni faili au mafaili ambayo zao hilo haliwezi kupatikana bila hayo. Kiswahili kimetupa neno tayari katika methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nitayaita masharti. Ya tatu ni maagizo ya namna ya kulitengeneza zao. Make hulinganisha saa za mafaili. Sharti likiwa jipya kuliko zao, zao huundwa upya. Vinginevyo huachwa lilivyo. Sharti lisilotajwa haliangaliwi kabisa.

Jambo hili linawahusu hata wafasiri. Programu huria nyingi huhifadhi tafsiri za maneno ya kwenye skrini katika mafaili yanayoishia na .po, ambayo mfasiri huyaandika, kisha hugeuzwa kuwa mafaili ya .mo ambayo mashine huyasoma. Utegemezi huo usipotamkwa, mfasiri atasahihisha neno na mtumiaji ataendelea kuliona lile la zamani.

3.0 Ushirika na Ugawanyi

Tuchukue sentensi: Watoto watatu walibeba meza. Je, ni meza moja iliyobebwa na wote kwa pamoja, au kila mtoto alibeba yake? Sentensi ina utata. Kiswahili kina njia za kuuondoa. Tukisema wanafunzi walipewa vitabu viwili, huenda kundi zima lilipata viwili tu. Tukisema walipewa vitabu viwili viwili, uradidi unaonyesha kwamba kila mmoja alipata viwili. Kwa upande wa pili, kirai kwa pamoja hutaja ushirika.

Make ilikuwa na utata huohuo, nayo iliutatua kwa upande mmoja. Mwandishi alipotaja mazao mawili katika kanuni moja ya kawaida, Make ilisoma ugawanyi: kila zao liundwe peke yake kwa maagizo yaleyale. Lakini chukueni programu inayosoma hazina moja ya maneno na kutoa kwa mara moja sehemu mbili za kamusi, ya Kiswahili–Kiingereza na ya Kiingereza–Kiswahili. Hapo tendo ni moja na mazao ni mawili. Make ikiruhusiwa kufanya kazi kadhaa sambamba, ingeweza kuyaanzisha maagizo hayo mara mbili kwa wakati mmoja, na michakato miwili ikayaandikia mafaili yaleyale.

Toleo 4.3 limeleta alama &: mahali pa nukta mbili za kawaida. Maana yake ni kwa pamoja: mazao haya yote yanatokana na tendo moja, lisirudiwe. Ipo tahadhari moja. Matoleo ya zamani hayaijui alama hiyo, na hayaikatai pia. Huisoma & kama jina la zao jingine, kisha yakaendelea na usomaji wa ugawanyi. Anayeshirikiana na wenzake wenye kompyuta za zamani hana budi kwanza kuuliza toleo wanalotumia.

4.0 Mfuatano Si Sharti

Kiambishi -ka- ni hazina ya usimulizi wetu. Tukisema Juma alifika, Asha akaondoka, tumetaja mfuatano. Msikilizaji anaweza kukisia kwamba Asha aliondoka kwa sababu ya Juma, lakini sentensi haijasema hivyo. Asiyetofautisha akaondoka na aliondoka kwa sababu hiyo anaweza kuvunja nyumba ya watu.

Toleo 4.4 limeongeza neno .WAIT, linalowekwa katikati ya orodha ya masharti. Yaliyo kushoto kwake hukamilika kwanza, ndipo yaliyo kulia yaanze, hata pale ambapo kazi zinafanywa sambamba. Hiyo ndiyo -ka- ya Make. Hutaja mfuatano, wala haitaji utegemezi. Kama tungeliweka kati ya matini na faharasa katika kamusi yetu, faharasa ingelisubiri zamu yake. Lakini Make isingelijua kwamba mabadiliko ya matini yanadai faharasa mpya. Ingeliliona faili la faharasa la jana, isione sharti lolote lililobadilika, na ingeliliacha lilivyo. Dawa ya kosa letu ilikuwa kuyaandika matini kuwa sharti la faharasa, na .WAIT haiwezi kushika nafasi hiyo.

5.0 Kuchanganya ili Kufichua

Swali linabaki: mtu atayagunduaje masharti aliyoyasahau? Aliyeandika orodha ndiye wa mwisho kuliona pengo lake, kwa kuwa akili yake hulijaza bila kujua. Sisi wanaisimu tunalifahamu tatizo hili. Tunapotaka kujua kama maana inabebwa na kiambishi au na mpangilio wa maneno, huyapangua maneno na kuangalia kinachosalia.

Toleo 4.4 limeleta chaguo la --shuffle, ambalo hufanya jaribio hilohilo. Hupanga upya kwa kubahatisha mpangilio wa mazao yaliyoombwa na wa masharti yake, ila utegemezi uliotamkwa huheshimiwa. Kazi iliyosimama juu ya masharti yaliyoandikwa hukamilika vilevile. Kazi iliyosimama juu ya bahati ya mpangilio inaweza kuanguka. Ikianguka, ujumbe wa kosa hutaja namba iliyozalisha mpangilio ule, na mtafiti akiirudisha namba hiyo hupata mpangilio uleule tena. Kosa linaloweza kurudiwa ni kosa linaloweza kuchunguzwa.

Jaribio hili lina mipaka. Likifanywa katika jalada lenye mafaili ya jana, faharasa inayotangulia itayakuta matini ya zamani na kujengwa juu yake kimyakimya. Kwa hiyo yafuteni kwanza mazao yote, ndipo mchanganye. Tena kufaulu mara moja hakuthibitishi kwamba hakuna pengo, kwani huenda mpangilio uliotokea ulikuwa wa heri. Jaribio lirudiwe mara nyingi.

6.0 Hitimisho

Nimeeleza mahusiano matatu ambayo msemaji huyachanganya kwa urahisi: ushirika, mfuatano na sharti. Make imepata alama ya la kwanza na neno la la pili. La tatu ilikuwa nalo tangu mwaka 1976, na sasa imepata njia ya kumfichulia mwandishi pale aliposahau kulitaja.

Kwenu wanafunzi mtakaotunga kamusi na kufasiri programu, ombi langu ni moja. Msiiachie mashine ikisie mnachokijua. Katika mazungumzo, msikilizaji mwema hutujazia pengo kwa busara yake. Mashine haina busara hiyo. Hutii kilichoandikwa, nayo hunyamaza kuhusu kisichoandikwa. Faharasa yetu ilichapishwa na kusambazwa, na nakala zake bado zimo katika rafu za watu. Kila ninapoiona moja hukumbuka kwamba sharti tulilijua sote, ila hakuna aliyeliandika.