Upatanifu wa Kivinjari na Ukurasa: Kwa Nini “ng'ombe” Huonekana kama “ng’ombe”

Msomaji anayetafuta neno ng'ombe katika ukurasa wa Kiswahili mtandaoni wakati mwingine hukutana na umbo hili: ng’ombe. Mwanafunzi hudhani kwamba mwandishi hajui tahajia. Mfasiri hudhani kwamba matini imeharibika, akaanza kuisahihisha neno kwa neno. Mara nyingi wote wawili huwa wamekosea. Maandishi yenyewe ni salama. Kilichokosekana ni mapatano kati ya ukurasa na kivinjari kinachousoma.

Istilahi

Nomino kivinjari (wingi: vivinjari) imetokana na kitenzi vinjari, chenye maana ya kuzungukazunguka, hasa kwa chombo baharini. Ni programu inayomwezesha mtumiaji kufungua na kusoma kurasa za intaneti, kwa mfano Chrome, Firefox, Safari na Microsoft Edge.

Upatanifu ni hali ya vitu viwili kufuata kanuni zilezile. Anayejua sarufi ana mfano wa karibu. Katika sentensi “Vitabu vimepotea”, kiambishi vi- cha kitenzi hufuata ngeli ya nomino. Akisema mtu “Vitabu imepotea”, maneno yote mawili ni ya Kiswahili, lakini hayapatani. Ukurasa na kivinjari huwa hivyo pia: kila kimoja chaweza kuwa kizima, na bado matokeo yakawa mabovu kwa sababu ukurasa uliandikwa kwa kanuni hii nao unasomwa kwa kanuni ile.

Chanzo cha tatizo katika maandishi ya Kiswahili

Kiswahili sanifu hakina herufi zenye alama za juu kama Kifaransa. Kwa hiyo wengi huamini kwamba maandishi yake hayawezi kuharibika mtandaoni. Husahau ng', ambayo huwakilisha sauti moja, yaani nazali ya kaakaa laini. Kidoko chake si pambo: ng'oa ni kutoa kitu kilichoshika ardhini, ilhali ngoa ni wivu au tamaa.

Kompyuta huhifadhi kila herufi kwa namba, na utaratibu wa kuzigeuza herufi kuwa namba huitwa usimbaji. Kidoko kilichonyooka (') kina namba ileile katika mifumo iliyozoeleka, ndiyo maana hakiharibiki. Lakini programu nyingi za uandishi hukigeuza zenyewe kuwa kidoko kilichopinda (’). Katika mfumo wa UTF-8, kidoko hicho huhifadhiwa kwa baiti tatu. Katika mfumo wa zamani wa Windows-1252, kila baiti huhesabiwa kuwa alama moja kamili. Kivinjari kikiusoma ukurasa wa UTF-8 kana kwamba ni wa Windows-1252, baiti tatu za kidoko kimoja hugeuka alama tatu: ’. Hii ndiyo sababu katika ukurasa mmoja ng'ambo huweza kuonekana sawasawa na ng'oa ikavurugika: vidoko vyao havikuandikwa kwa namna moja.

Kutambua aina ya kasoro

Umbo la kasoro humwonyesha msomaji ilikotoka.

Akiona ng’ombe, ukurasa ni wa UTF-8 lakini umesomwa kwa mfumo wa zamani. Maandishi hayajapotea.

Akiona ng�ombe, yaani alama ya kuuliza ndani ya msambamba mweusi, mara nyingi ukurasa ni wa mfumo wa zamani na umesomwa kama UTF-8. Asili bado imo katika ukurasa, lakini haimo tena katika kile kinachoonekana kwenye skrini. Mfasiri akinakili maneno hayo na kuyabandika katika kazi yake, kidoko hakirudi tena: alama hiyohiyo moja husimama mahali pa kila herufi iliyoshindikana kusomwa. Kwa hiyo, kurekebisha usomaji hutangulia kunakili.

Akiona ng?ombe, yenye alama ya kuuliza ya kawaida, huenda kidoko kilipotea tangu maandishi yalipohifadhiwa. Hapo hakuna mpangilio wa kivinjari utakaokirudisha. Matini itafutwe katika chanzo kingine.

Hatua za kurekebisha

Hatua nyepesi hutangulia zile nzito.

Kwanza, ukurasa upakiwe upya bila kutumia nakala iliyohifadhiwa na kivinjari. Katika Windows, vitufe Ctrl na F5 hubonyezwa pamoja. Ikiwa maandishi ni makubwa mno au madogo mno, Ctrl na 0 huyarudisha katika ukubwa wa kawaida.

Pili, mtumiaji ahakikishe kwamba tafsiri ya kiotomatiki imezimwa kwa ukurasa huo. Katika ukurasa wa kamusi, huduma hii huweza kutafsiri hata kidahizo chenyewe, msomaji akabaki na fasili mbili za Kiingereza pasipo neno la Kiswahili. Kasoro hii hufanana na hitilafu ya ukurasa, kumbe ni huduma iliyowashwa.

Tatu, usimbaji urekebishwe. Firefox ina amri ya kurekebisha usimbaji wa maandishi, ambayo hukisia mfumo unaofaa. Safari ya kompyuta za Mac humruhusu mtumiaji kuchagua mfumo mwenyewe katika menyu ya mwonekano. Chrome iliiondoa menyu ya namna hiyo. Anayeitumia anaweza kuufungua ukurasa katika kivinjari kingine.

Tovuti zilizoandikwa kwa kivinjari kimoja

Kuna kasoro zisizohusu herufi: safu zilizopandana, menyu zisizofunguka, fomu zisizopokea maandishi. Baadhi ya tovuti za zamani ziliundwa kwa kufuata tabia za Internet Explorer badala ya viwango vya pamoja. Toleo la 8 la kivinjari hicho, lililotoka mwaka 2009, lilifuata viwango kwa ukaribu zaidi, na hivyo kurasa nyingi zilizoundwa kwa matoleo yaliyotangulia zikavurugika. Ndipo kikawekwa kitufe chenye picha ya ukurasa uliochanika. Kilipobonyezwa, ukurasa ulionyeshwa kama katika toleo la 7.

Microsoft ilikoma kuhudumia Internet Explorer 11 katika matoleo mengi ya Windows 10 tarehe 15 Juni 2022. Anayelazimika kufungua tovuti ya aina hiyo hutumia hali ya Internet Explorer iliyomo ndani ya Edge kwenye Windows. Katika mipangilio, sehemu ya kivinjari chaguo-msingi, huruhusu tovuti kupakiwa kwa hali hiyo, kisha huanzisha Edge upya. Anwani ya ukurasa ikiongezwa katika orodha iliyopo hapo, hufunguka kwa hali hiyo kwa siku 30, kisha huhitaji kuongezwa tena. Kwa kuwa hali hiyo hutumia teknolojia ya zamani, inafaa iwashwe kwa tovuti inayoaminika na inayoihitaji tu.

Mpaka wa mipangilio

Mipangilio ya kivinjari hubadilisha usomaji, haibadilishi kilichoandikwa. Anayetafuta ng'ombe kwa kidoko kilichonyooka huenda asilipate neno lililohifadhiwa kwa kidoko kilichopinda, hata kama ukurasa unaonekana vizuri kabisa. Kabla ya kuamua kwamba neno halimo, ajaribu kidoko cha pili, au atafute sehemu isiyo na kidoko, yaani ombe.

Kwa mwalimu anayeweka maandishi yake mtandaoni, kinga ni rahisi kuliko tiba: ahifadhi faili kwa UTF-8, atamke mfumo huo mwanzoni mwa ukurasa, na atumie aina moja ya kidoko tangu mwanzo hadi mwisho. Akifanya hivyo, msomaji wake hatahitaji kugusa mpangilio wowote ili atofautishe ng'oa na ngoa.