Je, Wajua? Kinachotangulia Kuchelewa ni Yai
Hedhi ikichelewa bila mimba, mara nyingi kilichotangulia kuchelewa ni yai. Yai likishapevuka na kutoka, damu hufuata baada ya siku 14 hivi, na muda huo haubadiliki sana. Zinazorefuka ni siku za kabla ya yai kutoka, ambazo homa kali, msongo wa mawazo au kukonda ghafla huweza kuziongeza. Utasema: kama si mimba, mbona kichefuchefu ninacho? Wasiwasi nao huchafua tumbo, na matiti hujaa na kuuma hata hedhi inapokaribia. Ndiyo maana dalili hazitoshi; pima mkojo wa asubuhi kwa kipimo cha mimba. Mstari wa pili, hata uliofifia, kwa kawaida ni mimba. Ukiona mmoja tu na damu haijaja, rudia baada ya wiki moja.