Magazeti yasiwe mahakama ya wanamichezo

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii hufunzwa katika kila darasa la Kiswahili, na ni nadra kumpata mwanafunzi asiyeweza kuikamilisha. Hata hivyo, nashuku kama kuna mahali imeleta madhara makubwa kuliko katika kurasa za michezo. Humo, jina la mwanamichezo likitajwa sambamba na dawa zilizopigwa marufuku, wasomaji huona kesi imekwisha kabla haijaanza.

Tutazame yaliyomfika Bernard Lagat.

Mwaka wa 2003 Lagat, mwana wa Nandi, alikuwa miongoni mwa wakimbiaji bora zaidi duniani wa mbio za mita 1500. Alikuwa ameiletea Kenya nishani ya shaba katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka wa 2000. Mwaka uliofuata alikimbia mjini Brussels kwa dakika 3 na sekunde 26.34, muda ambao wakati huo ni Hicham El Guerrouj wa Moroko peke yake aliyekuwa ameupita.

Mapema mwezi wa Agosti 2003, mkojo wake ulichukuliwa nchini Ujerumani ili upimwe. Ikatangazwa kuwa sampuli hiyo ilikuwa na EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu na kumwezesha mkimbiaji kustahimili mwendo. Mashindano ya Riadha ya Dunia mjini Paris yalikuwa yamebisha hodi. Lagat hakukimbia. Habari zikaenea kote, na aliyekuwa shujaa siku chache tu zilizotangulia akawa mtu wa kunyoshewa kidole.

Hapa inafaa msomaji aelewe jinsi vipimo hivi hufanywa. Mkojo wa mwanariadha hugawanywa katika chupa mbili, ya A na ya B, nazo hutiwa muhuri. Chupa ya A ikionyesha dawa, mwanariadha ana haki ya kudai kwamba chupa ya B nayo ifunguliwe na kupimwa, yeye au mwakilishi wake akishuhudia. Chupa hiyo ya pili ipo kwa sababu waliotunga kanuni walijua kuwa maabara huendeshwa na binadamu, na binadamu hukosea.

Chupa ya pili ya Lagat haikuthibitisha yaliyosemwa na ya kwanza. Mwaka huo huo wa 2003 aliondolewa lawama. Lakini mbio za Paris zilikuwa zimekwisha, El Guerrouj akiwa ametwaa dhahabu, na hapana shirikisho lenye uwezo wa kuyarudisha mashindano yaliyopita. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lagat alijaliwa kukimbia miaka mingi. Mwaka wa 2004 mjini Athens aliishindia Kenya nishani ya fedha, akiachwa na El Guerrouj kwa sekunde 0.12 tu. Mwaka wa 2007 mjini Osaka, akiwa sasa raia wa Marekani, alishinda dhahabu mbili, za mita 1500 na za mita 5000. Je, ingalikuwaje kama aliyetuhumiwa angalikuwa kijana wa miaka 20 kutoka Iten, aliyepata mwaliko wake wa kwanza wa kwenda Ulaya, asiye na wakili wala jina la kumkinga? Nani angalingoja chupa ya pili kwa ajili yake?

Wala tusidhani kwamba vipimo viwili hutosha siku zote. Mwingereza Diane Modahl alikuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola wa mita 800 mwaka wa 1990. Mwaka wa 1994 alikuwa Victoria, Kanada, tayari kulitetea taji lake, alipoarifiwa kwamba mkojo aliotoa mjini Lisbon mwezi wa Juni ulikuwa na kiwango cha ajabu cha homoni ya testosteroni. Alirudi nyumbani bila kukimbia. Chupa ya pili nayo ikasema vilevile, akafungiwa kwa miaka minne.

Ilikuja kudhihirika baadaye kwamba sampuli yake haikuhifadhiwa mahali penye baridi, na kwamba bakteria wangeweza kukipandisha kiwango hicho. Julai 1995 alishinda rufani yake. Alidai fidia mahakamani kwa miaka kadhaa asifaulu. Msomaji na ajiulize: ni wangapi waliozisoma habari za 1994 ambao walizisoma pia za 1995?

Najua kuna watakaoniuliza iwapo nataka waandishi wafumbwe midomo. La, hasha! Historia ya mwendeshaji baiskeli Lance Armstrong inatufunza hatari ya kunyamaza. Gazeti la The Sunday Times la London lilipochapisha mashaka juu yake mwaka wa 2004, alilishtaki, nalo likalazimika kumlipa mwaka wa 2006. Mwaka wa 2012 alipokonywa mataji yake saba ya Tour de France, na Januari 2013 akakiri mwenyewe kwamba alitumia dawa. Laiti waandishi wachache hawangaling'ang'ania ukweli, ulaghai huo huenda ungalisifiwa hadi leo.

Nasi hapa nyumbani tunao ushahidi wetu. Rita Jeptoo, mshindi wa marathoni za Boston na Chicago, alipotangazwa kuwa amepatikana na EPO mwaka wa 2014, wengi hawakutaka kuamini. Sampuli ya pili ikathibitisha ya kwanza. Alifungiwa miaka miwili, na mwaka wa 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikakiongeza kifungo hicho hadi miaka minne. Kesi yake inaonyesha kwamba kusubiri utaratibu hakumwokoi mwenye hatia. Humwokoa asiye nayo tu.

Tofauti iliyopo basi ni baina ya kuchunguza na kuhukumu. Waandishi waliomwandama Armstrong walitafuta mashahidi na kuwahoji, wakayaandika waliyoweza kuyatetea hata mbele ya hakimu. Huo ni uandishi. Anayenakili tangazo la maabara na kuliongezea kichwa cha habari kinachomwita mtu tapeli hajachunguza lolote, bali amelitilia chumvi la mwenziwe.

Na hapa walimu wa Kiswahili wana kazi, kwa kuwa dhuluma nyingi za aina hii huanzia katika uteuzi wa maneno. Lugha yetu si maskini. Kutuhumiwa si kushtakiwa, na kushtakiwa si kupatikana na hatia. Kusimamishwa kwa muda ni hatua inayochukuliwa wakati kesi ingali inasikilizwa, ilhali kufungiwa ni adhabu inayotolewa baada ya kesi kukatwa. Mwandishi anayeripoti kuwa mwanariadha "amepigwa marufuku" hali amesimamishwa kwa muda tu, ametoa hukumu ambayo hata wasimamizi wa riadha hawajaitoa.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, WADA, zinataka mwanamichezo mwenyewe aarifiwe kabla jina lake halijatangazwa kwa umma. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 nayo imelinda uhuru wa vyombo vya habari katika kifungu cha 34. Lakini kifungu cha 33 kinamtaka kila anayetumia uhuru wa kujieleza aheshimu haki na sifa za wengine, na kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomdhuru. Sheria basi tunazo. Tulichopungukiwa ni desturi.

Napendekeza desturi tatu. Kwanza, kila habari ya tuhuma iseme waziwazi kesi imefikia hatua gani na ni hatua gani zimebaki. Pili, mtuhumiwa apewe nafasi ya kujibu katika habari ile ile, si wiki mbili baadaye katika pembe ya gazeti. Tatu, akiondolewa lawama, habari hiyo ichapishwe katika ukurasa ule ule na kwa herufi za ukubwa ule ule zilizotumiwa kumtuhumu. Gazeti lililotenga ukurasa wa kwanza kwa shutuma lisidai kwamba halina nafasi ya msamaha.

Mwalimu aliyewahi kuishi na wanafunzi wa bweni anayafahamu haya bila kuelezwa. Kitu kikipotea usiku, kufikia alfajiri jina la mtu limekwisha kutajwa. Hata kitu hicho kikipatikana chini ya kitanda cha mwenyewe, aliyetajwa huendelea kutazamwa kwa jicho la pembe hadi amalize shule. Mtoto anayeshuhudia hayo yakipita bila kukemewa ndiye mhariri wa kesho, na ndiye msomaji wa kesho.

Kwa hivyo, mwalimu anayeifunza methali ile ya lisemwalo lipo na awape wanafunzi wake pia kisa cha chupa ya pili, kisha awaache wabishane. Nao wanariadha wetu wanaotumia dawa na waadhibiwe bila huruma, kwani wanawaibia wenzao jasho. Ila waadhibiwe na wenye mamlaka ya kuadhibu, baada ya ushahidi kusikilizwa. Tuhuma si hukumu, na gazeti si mahakama.